Binti Anayetaka Kuwatibu Wasafiri wa Anga



Ijumaa iliyopita, mzee mmoja wa hapa Morotonga alinishika mkono mlangoni mwa msikiti. "Ustadhi, nisaidie. Binti yangu anaingia kidato cha tatu, anang'ang'ania fizikia na kemia. Ati atakuwa daktari wa wanaokwenda angani! Nimemwambia achague masomo mepesi. Isitoshe, huko juu mtu ataswali vipi?"

Swali hilo lilikwisha kujibiwa. Tarehe 10 Oktoba 2007, Ramadhani ikielekea ukingoni, Dkt. Sheikh Muszaphar Shukor, tabibu wa mifupa wa Malaysia, alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kituo hicho huizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku. Wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: nyakati za swala zifuate saa za mahali aliporushwa, kibla aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aielekee dunia, akishindwa, popote. Huko huko alichunguza seli za saratani, na Idi ikamkuta humo.

Ama tiba yenyewe, si anasa. Angani mwili haubebi uzito wake. Mifupa ya nyonga hupoteza takriban asilimia 1 ya madini yake kila mwezi, na misuli husinyaa. Ndiyo maana wasafiri hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku. Udhaifu wa namna hiyo humpata pia bibi aliyelazwa kitandani miezi mingi majumbani mwetu.

Njia ni ndefu: fizikia, kemia na baiolojia hadi kidato cha sita, shahada ya udaktari miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ndipo ubobezi wa tiba ya anga, ughaibuni. Lakini binti akiishia kwenye udaktari tu, mama zetu watakuwa wamepata tabibu wa kike wa kuwasitiri. Akizuiwa leo, tumekosa yote mawili.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kitabu cha fizikia ni shilingi ngapi?"

Wazazi wenzangu, mwisho wa ngazi hatuuoni sote. Tusiwavunjie watoto kipandio cha kwanza.

Wabillahi tawfiq.