Waliotenga Sarufi na Fasihi Wapitie Brussels

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 nchini Kenya waliingia sekondari pevu Januari 2026. Humo Kiingereza ni lazima kwa wote, lakini fasihi yake imesogezwa kwenye mkondo wa sayansi za jamii, somo la mwenye kutaka. Chini ya mfumo wa elimu wa awali wa 8-4-4, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, awe anaelekea udaktari au sheria, alijibu maswali ya riwaya na tamthilia katika karatasi ya tatu ya Kiingereza hichohicho. Utengano huu ni kosa, na si dogo.

Watetezi wake wanasema anayetaka uhandisi asilemewe, apendaye fasihi aipate kwa kina, na kwamba kusoma hakujafutwa katika somo la lazima. Wanakumbusha pia kuwa vitabu teule viligeuka vitu vya kukariri. Hili la mwisho ni kweli: kuna waliofanya mtihani kwa kusoma mwongozo tu, riwaya yenyewe hawakuifungua. Basi rekebisheni ufundishaji.

Kinachonikera ni dhana iliyo chini ya yote haya, kwamba sarufi ni chombo cha kila mtu na mbinu za fasihi ni pambo la wachache. Kuna darasa la zamani linaloikanusha. Februari 1842, Charlotte na Emily Brontë, dada wawili Waingereza waliokuja kuwa waandishi mashuhuri wa riwaya, walifika Brussels kujifunza Kifaransa katika shule ya bweni ya Rue d'Isabelle, mtaa uliokuwa karibu na lilipo leo jumba la sanaa la Bozar. Wageni wa aina yao walizoea kuanzishiwa kanuni za sarufi na msamiati. Mwalimu Constantin Heger aliiacha njia hiyo. Aliwasomea kwa sauti vipande vya waandishi wakubwa, wakavichambua pamoja, wapi mwandishi amefaulu na wapi ameteleza, kisha wakaandika insha zao kwa kufuata mfano huo. Emily alilalamika kwamba wangepoteza sauti yao wenyewe (hakuwa mtu wa kubembelezwa), ila aliandika. Baadhi ya insha hizo zipo hadi leo zikiwa na alama za Heger. Kalamu iliyosahihisha kosa la lugha ndiyo iliyofuta neno lisilo na kazi.

Mtasema hao walikuwa na vipaji vyao. Sawa, lakini Heger hakuibuni njia hiyo kwa ajili yao. Ilifanana na aliyokuwa akiitumia mara nyingine kwa wanafunzi wake wakubwa wa Kifaransa na Kibelgiji.

Alichokielewa ni kwamba mbinu ni sarufi ikiwa kazini. Chukua kauli ya kutendwa. Katika zoezi la sarufi mwanafunzi hubadilisha “waziri alipoteza fedha” kuwa “fedha zilipotezwa”, akapewa alama zake, akafunga daftari. Ni katika hadithi ndipo anapoulizwa msimulizi anamficha nani, na kwa faida ya nani. Asiyewahi kuulizwa swali hilo anajua kuunda sentensi ya kumdanganya mwenzake, ila hajui kuitambua anapodanganywa yeye.

Na tunaambiwa mhandisi hahitaji hilo! Brussels hiyohiyo leo ni makao ya Tume ya Ulaya, ambako nyaraka nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, mara nyingi na watu wasiozaliwa nacho. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024. Katika maandiko ya namna hiyo, tofauti ya “italazimika” na “itajitahidi” ni tofauti ya deni na ahadi. Watakaovisoma vifungu hivyo ni wataalamu wa kilimo, wakemia, wahasibu na maofisa wa forodha, yaani haohao tuliowaruhusu kuipita fasihi kando.

Mtihani wa Kiingereza cha lazima uwe na riwaya nzima na tamthilia nzima. Na uulize kwa nini sentensi fulani imeundwa hivyo, uache kutaka sifa tano za mhusika mkuu.