Jicho la Bosi Halivui Samaki

Mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna imani ambayo watu hawaihoji: mali isiyotazamwa na mwenyewe haikai. Paka akiondoka, panya hutawala. Ndiyo maana mwenye magazini halali bila ufunguo mfukoni, na karatasi ya raia husubiri wiki nzima ofisini kwa sababu mkuu amesafiri na kashe yake, yaani muhuri. Ukimwuliza naibu, atakwambia hana ruhusa. Ukimwuliza mkuu, atakwambia watu wa hapa hawaaminiki.

Ziwa linamkanusha mkuu huyo kila usiku wa giza. Mitumbwi inapotoka kuvua ndakala na mikeke, mwenye chombo mara nyingi amebaki nyumbani. Injini, nyavu na taa zake ziko mikononi mwa wengine, juu ya ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470. Kapteni ndiye anayeamua wasimame wapi, taa ziwashwe lini, wavu uinuliwe saa ngapi. Angelazimika kuomba ruhusa pwani kwanza, ndakala waliokusanyika chini ya mwanga wangekuwa wameshatawanyika. Na si jambo jipya: uvuvi huu wa wavu wa kuinua, kwa mitumbwi iliyounganishwa, umekuwapo kaskazini mwa ziwa hili tangu miaka ya 1950.

Wavuvi si malaika. Wenye vyombo hulalamika kwamba samaki wengine huuzwa majini kabla hakujapambazuka, na malalamiko hayo yana msingi. Lakini dawa yake si bosi kukesha mtumbwini, maana akiwamo humo kila uamuzi utamsubiri yeye. Dawa ni mapatano. Gharama za mafuta zikishatolewa, kinachobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa mapema, hivyo kapteni akiharibu usiku anapunguza fungu lake pia. Tena vyombo vilivyovua maji yaleyale hufika asubuhi kwenye ufuko uleule, mbele ya akina mama wanunuzi. Kapteni ambaye kila mara huja na kidogo kuliko jirani zake hujulikana upesi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, hivyo vyombo hupumzika. Hizo ni siku za kushona nyavu, na ndizo nafasi nzuri ya kukaa pamoja na daftari la hesabu.

Naibu wa ofisini hana hata kimoja kati ya vitu alivyo navyo kapteni. Amepewa kazi akanyimwa uamuzi, hakuna aliyemwambia kazi yake itapimwa kwa nini, na akifanya vizuri sifa ni za mkuu. Kisha tunashangaa kwa nini hajitumi.

Basi mkuu anayesafiri aache kashe pamoja na orodha ya karatasi ambazo naibu anaweza kusaini bila kumwuliza. Mwenye magazini amtajie muuzaji kiasi anachoweza kutumia peke yake, na siku ya kuhesabu bidhaa pamoja. Yapo yasiyokabidhiwa: kumchagua kapteni, kununua makoti ya kuokoa maisha, na kubeba lawama chombo kikizama. Hayo ni ya mwenye mali. Lakini bosi ambaye kazi yake husimama kila anaposafiri asiwalaumu wafanyakazi kabla hajajiuliza ni uamuzi gani aliwahi kuwaachia.