Naleta Isale: Barua kwa Usharika Wetu kuhusu Kanisa la Mawe

Kwa Mchungaji, wazee wa kanisa, kamati ya ujenzi, umoja wa wanawake, kwaya, vijana, na wote mnaoamka kwa kengele ile ile niliyoamkia mimi.

  

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kamati alitutumia picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Kanisa jipya limefika kwenye lenta. Nyuma yake, kama bibi aliyesukumwa pembeni kwenye picha ya harusi, lilionekana kanisa la mawe. Swali lilikuwa fupi: lile la zamani livunjwe, mawe yajengee uzio na uwanja uwe maegesho ya magari, au liachwe? Majibu yakamiminika. La kwangu lilikuwa la tatu. Nilikuwa ndani ya gari nikisubiri kuingia zamu, nikaandika: "Vunjeni tu, tusonge mbele." Mkanipigia dole gumba, nikaendelea na kazi.

Leo ninayarudisha maneno yale. Naomba mnisikilize kabla ya mkutano mkuu wa usharika.

Mnajua kazi yangu hapa Herefordshire, magharibi mwa Uingereza: naendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba nikiwahudumia wazee. Huku ni shamba kwelikweli, matufaa na kondoo. Siku moja bibi mmoja ninayemhudumia aliniomba nimpeleke posta, kijiji cha Yarpole. Nikafuata maelekezo yake hadi kwenye ua wa makaburi. Nilidhani amechanganyikiwa, maana umri wake ni mkubwa. Mbele yetu palikuwa na kanisa la karne za kati, na mnara wa kengele umesimama peke yake pembeni, haugusani na kanisa. Nikamwambia, "Bibi, tumekuja posta, si ibada." Akacheka, akanivuta mkono hadi ndani.

Ndani, upande wa nyuma, kulikuwa na rafu za mkate, maziwa, vitunguu na mayai. Kulikuwa na dirisha la posta. Watu walikuwa wanakunywa chai na kuulizana hali. Mbele, madhabahu iko pale pale ilipokuwa, na Jumapili ibada inaendelea. Bibi akatuma kifurushi chake, akanunua mkate, kisha akaenda kukaa dakika kumi kwenye benchi la mbele, kichwa ameinamisha. Safari moja, haja tatu.

Baadaye niliuliza, nikaelezwa. Duka la kijiji lilikuwa limefungwa, posta nayo ikawa hatarini, na asiye na gari alikuwa anabaki kama kisiwani. Kanisa nalo lilikuwa na watu wachache Jumapili na paa linalodai pesa kila mwaka. Wanakijiji wakaona kwamba shida hizi mbili zinaweza kutibiana. Mwaka 2009 duka na posta vikawekwa kanisani, na wengi wanaouza pale wanajitolea.

Si Yarpole peke yake. Ng'ambo ya vilima, Peterchurch, kuna kanisa lililojengwa enzi za Wanormani, miaka zaidi ya mia nane iliyopita. Leo ndani yake kuna maktaba, nafasi ya watoto na mahali pa mikutano. Ncha ya mnara wake wa mawe ilipochakaa iliteremshwa, na iliyopo sasa ni ya faibaglasi! Nilipoiona nilicheka, kisha nikawaza: watu hawa hawakuabudu mawe. Walitaka kijiji kiendelee kuona mnara wake kutoka mbali.

Kanisa la Uingereza lina makanisa yapatayo 16,000, mengi yako vijijini, na maelfu yalikuwa yamesimama kabla Vasco da Gama hajatia nanga pwani yetu mwaka 1498. Yote hayawezi kubebwa na sadaka ya waumini wachache. Mengine yamefungwa na kuuzwa, yakawa nyumba za watu. Tangu 1957 kuna hata chama kinachojiita Marafiki wa Makanisa Yasiyo na Marafiki, kinachookoa yale yaliyotelekezwa. Jina hilo lilinichoma. Nilikumbuka picha ya mwenyekiti.

Najua wengine mtasema: dada huyu amekaa na Wazungu, sasa anataka tuuze vitunguu nyumbani mwa Bwana. Subirini kidogo. Nami nilidhani ni mambo mapya ya watu waliopoa imani. Kumbe ni ya kale. Katika karne za kati, upande wa madhabahu ulikuwa mikononi mwa padri, lakini ukumbi mkuu ulikuwa wa wanaparokia, na wao ndio waliopaswa kuutengeneza. Kwa muda mrefu haukuwa na mabenchi. Watu walikutania humo, walisuluhishana humo. Na ili wapate pesa ya paa na kengele, walipika pombe ya kanisa, kijiji kizima kikaja kunywa na kuchanga. Niliposoma hayo nilimwona marehemu babu na kata yake ya mbege, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sisi mbege hatupeleki kanisani, lakini baada ya ibada tunapiga mnada: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo anayenunuliwa na kurudishwa anunuliwe tena. Sadaka ya shambani inageuka bati. Tofauti yetu na hao wa kale ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Tena tulikumbuke lile letu lilivyokuwa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893, na kazi ikasambaa vihambani. Bibi yangu alisimulia jinsi wanawake walivyopanda na mawe ya mtoni kichwani, na jinsi jengo lilivyokuwa shule Jumatatu hadi Ijumaa kabla halijawa kanisa Jumapili. Alijifunza kusoma akiwa amekaa sakafuni mbele ya mimbari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipofukuzwa nchini, walioshika sharika za mlimani walikuwa walimu na wainjilisti wetu wenyewe. Kwa hiyo anayesema jengo lile ni la Wajerumani, aiombe kwanza radhi shingo ya bibi yangu.

Kanisa letu halikuzaliwa kuwa la Jumapili tu. Lilifanywa hivyo pole pole, shule ilipopata majengo yake, zahanati ikapata yake, na sisi tukapata kufuli. Leo linatunza mifuko ya saruji. Yaani tayari limebadilishiwa matumizi, ila hakuna aliyekaa kikao kuamua.

Sasa niseme kwa uaminifu mahali ambapo Uingereza na sisi tunaachana. Wao makanisa yao ni makubwa na watu ni wachache. Sisi watu wamefurika hadi chini ya miti, ndiyo maana kanisa jipya linahitajika, na mchango wangu nitaumaliza. Wao walikosa duka. Sisi maduka yapo kila kona. Tukinakili Yarpole kama ilivyo, tutakuwa kama aliyeazima kanzu ya mrefu. Kinachofaa kuazimwa ni swali walilojiuliza: kijiji chetu kinakosa nini katikati ya wiki, na nyumba hii ina nafasi gani?

Nimejiuliza nikiwa mbali, ninyi mlio karibu mnisahihishe. Kina mama wanapima watoto uzito chini ya mparachichi, na mvua ikija kliniki inavunjika. Vikoba vinakutana kwenye baraza za watu, na sanduku la pesa linajulikana na kila mpita njia. Watoto wa kidato cha nne wanasomea taa ya simu. Vitabu vya ubatizo, vyenye majina ya mababu zetu kwa wino uliofifia, viko kwenye kasha la sakristia, na mara ya mwisho nilipoviona mchwa walikuwa wameanza kusoma kabla yetu. Hayo manne yanaingia ndani ya kuta zile bila kugusa madhabahu. Na asubuhi ya katikati ya wiki, wazee watano wakitaka kuimba na kuomba, wasihitaji kufunguliwa ukumbi wa watu elfu.

Huku nimejifunza pia kwamba kubadilisha matumizi kuna adabu zake. Mchungaji akikubali peke yake haitoshi. Kuondoa mabenchi kunahitaji kibali cha jaji wa dayosisi. Kamati ya washauri inaangalia michoro, na tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi aseme. Hata popo wanalindwa na sheria. Wakishakaa darini, huwezi kuwafukuza unavyotaka, na waumini wanafuta mabenchi kila Jumapili wakinung'unika kimyakimya. Lakini katika usumbufu wote huo nimeona busara moja: wanajenga vitu vinavyoweza kuondolewa. Rafu hazing'ang'anii ukuta, vyumba vya ndani ni vya mbao na kioo, ili wajukuu wakitaka kanisa lao tupu walipate.

Sisi hatuna mlinzi wa namna hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo mpaka litangazwe. Kanisa letu ni la miaka ya baadaye. Hakuna afisa atakayekuja kusimama mbele ya greda. Ulinzi wake ni mkutano wenu.

Basi, kama mtakubali, naomba haya machache.

Kwanza paa, kabla ya rangi na kabla ya viti. Mawe yanavumilia karne, lakini maji yanayovuja hayayavumilii miaka kumi.

Pili, fundi asipige plasta ya saruji kwenye kuta zile. Najua ndiyo inayoonekana ya kisasa. Lakini kuta za mawe na udongo hupumua. Saruji huzuia unyevu usitoke, ukajificha ndani na kula ukuta taratibu. Huku walifanya kosa hilo kwenye majengo mengi, na sasa wanalipa mafundi kubandua saruji na kurudisha chokaa. Wazee wanaokumbuka chokaa ilivyochanganywa wawafundishe vijana wangali hai.

Tatu, choo cha kudumu, na tenki la kukinga maji ya paa. Nyumba ya watu bila choo ni ya kupita tu.

Nne, funguo. Pawe na kamati ndogo yenye wazee, mama wa kikoba, kijana na mtu wa serikali ya kijiji, na daftari la mapato lisilochanganywa na sadaka. Kikao cha harusi kilipie kidogo. Kampeni za siasa, hapana. Ndugu zetu Wakatoliki na Waislamu walete watoto kupimwa, maana uzito wa mtoto hauna dhehebu.

Tano, madhabahu isiguswe. Huu ndio mpaka. Bibi yule wa posta asingepata dakika zake kumi kama mbele yake pangekuwa na jokofu.

Kuhusu pesa, sitaki kuwaandikia barua tupu. Mabati ya upande wa mashariki niandikieni mimi. Ninyi mtafute mbao, mafundi na mchanga. Lakini bati langu lisininunulie kura. Sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa huu: tunachanga mara moja, kisha tunataka kijiji kibaki kama tulivyokiacha ili Desemba tupige picha. Kanisa likibaki zuri na tupu kwa ajili ya kamera yangu, litakuwa limekufa kwa namna nyingine. Ninyi mnaolowa mvua chini ya mparachichi ndio wenye neno. Mkikaa, mkalipima, mkaona halifai kitu, nitanyamaza.

Ninachoomba ni kwamba lisivunjwe kwa sababu ya mtu aliyeandika maneno manne akiwa garini, maili elfu kadhaa kutoka kwenye jiwe ambalo bibi yake alilibeba.

Nyumbani, aliyekosa kwa mdomo haji mikono mitupu. Anakuja na jani la isale, akalikunja, akalishika mbele ya aliyemkosea, na mwenye kukosewa hana budi kusikiliza. Huku mipaka ya mashamba haina isale.  Kwa hiyo nimemwomba mdogo wangu akate moja kwenye mpaka wa kihamba chetu, aje nalo mkutanoni, aliweke kwenye kizingiti cha kanisa la mawe. Mtakapolikuta pale, mjue limetoka kwangu. Lile jibu la tatu nalifuta.

Mungu awabariki, na kengele iendelee kutuamsha.

Ni mimi binti yenu,
Herefordshire, Uingereza