Pazia la mkopo ni kangomba nyingine

Minada ya ufuta inapoanza mkoani Lindi, kati ya Mei na Juni, fedha huonekana kwanza madukani na muda mfupi baadaye madirishani. Huko Matambarale, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea, nyumba iliyoezekwa bati msimu uliopita huvishwa mapazia msimu huu. Hakuna ubaya wowote. Mkulima aliyeinama shambani tangu masika yanaanza ana haki ya kuona sebule yake ikipendeza.

Pazia linalonitia wasiwasi ni lile linaloletwa Februari au Machi, mfuko ukiwa mtupu, na mchuuzi anasema: "Chukua tu mama, utanilipa kwa korosho."

Wasomaji wa kusini wanaijua kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya ushirika kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla hata mikorosho haijachanua. Imepigwa marufuku, na mnunuzi wa namna hiyo akionekana na mizani yake kijijini hukimbizwa. Lakini akija na robota la mapazia begani hukaribishwa kiti. Kiuchumi sioni tofauti kati ya hao wawili.

Tufanye hesabu ya mfano. Pazia la dirisha moja linauzwa shilingi 40,000 taslimu. Kwa mkopo, mchuuzi anataka kilo 20 za korosho mwezi Oktoba, yaani ameipa korosho yako thamani ya shilingi 2,000 kwa kilo. Mnadani ikifika bei ya kukuachia shilingi 3,000 baada ya makato yote, pazia lile limekugharimu shilingi 60,000. Umelipa riba ya asilimia 50 kwa miezi saba au minane. Ukiwa na madirisha matano, tofauti ni shilingi 100,000. Atakayetetea biashara hii atasema bei ikishuka mchuuzi ndiye anayeumia. Ni kweli, lakini ndiyo sababu hupanga kilo nyingi tangu mwanzo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, kilo zako hupimwa chamani kwa jina lako na malipo huja kwenye akaunti yako. Kilo 100 alizochukua mchuuzi hazisomeki popote kwamba ni zako. Mwishoni mwa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa mashamba ulitangulia malipo, na waliokuwa na korosho zisizolingana na mashamba yao walikwama.

Sasa tuje kwenye dirisha lenyewe, maana hata fedha taslimu hupotea hapo. Kitu cha kwanza cha kununua ni wavu wa mbu, pazia lifuate. Pazia halizuii mbu, na nyumba ya bati yenye pazia zito lisilopitisha upepo huwa kama tanuri mwezi Novemba. Wavu ukiwapo, dirisha linaachwa wazi usiku na pazia jepesi linatosha kuficha macho ya wapita njia.

Kisha pima mwenyewe kabla ya kwenda dukani. Dirisha la futi nne lina upana wa mita 1.2 hivi, fimbo ya pazia iwe ya mita 1.5 ili ipite pembeni. Ili pazia likunjike vizuri, kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa fimbo, yaani vipande viwili vya kitambaa chenye upana wa mita 1.5. Pazia linaloishia chini kidogo ya dirisha huhitaji mita 1.6 kwa kila kipande pamoja na pindo, jumla mita 3.2. Likishuka hadi sakafuni ni mita 2.3 kila kipande, jumla 4.6. Fasheni ya kuburuza pazia sakafuni, kwa nyumba yenye vumbi jekundu, inakula karibu theluthi ya kitambaa bure. Kwa madirisha matano ni mita saba.

Mtumba usidharauliwe; mara nyingi una kitambaa kizito kilichoshonwa tayari. Kiinue juani: pale kilipopaukia ndipo kitakapochanika. Kitambaa cha plastiki kisikaribie koroboi, kwani huyeyuka na kushika moto upesi.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayefuata mzigo Kariakoo, akumbuke kwamba tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka nguo na vitambaa kutoka nje kwenye daraja la ushuru la asilimia 35. Mzigo wa bei ya chini ajabu una maelezo yake, na mwenye kukamatwa nao njiani ni wewe. (Inashangaza kwamba nchi inayouza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa ghafi inanunua mapazia ng'ambo, lakini hayo ni makala ya siku nyingine.) Apeleke mzigo Mei, auze taslimu Juni na Julai, na asibaki na robota lisilouzika hadi Agosti, ufuta umeisha na korosho bado. Mkulima mwenye akiba benki hana haja ya kusubiri korosho. Aende dukani mwezi huohuo wa Agosti, apunguziwe bei.