Usiamini macho yako: taa na mahali pa matumbawe laini

Kila anayeingia kwangu na kuliona lile tangi la maji ya chumvi sebuleni huuliza swali moja: hiyo taa ni ya wati ngapi? Namwelewa. Hata sisi tunaoandika programu tulianza kwa kuulizana tarakilishi yako ina megahazi ngapi, kana kwamba megahazi ndizo zingetuandikia kazi. Wati ni stima unayolipia. Hazikwambii tumbawe linapata nini.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonuna: wengi wetu tunaofuga matumbawe laini tunayaua kwa mwanga mwingi, si kwa mwanga mchache. Na yakishaanza kufifia tunayaongezea taa, tukidhani yana kiu.

Nasema hivi kwa sababu nimeyafanya yote mawili.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ndiyo, ni mnyama. Ndani ya nyama yake wanaishi vimwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga ukizidi kiasi, mtambo wao huharibika na kuanza kutoa kemikali za oksijeni zinazounguza seli. Tumbawe huwafukuza, likabaki jeupe. Joto la bahari nalo huleta balaa hilohilo. Ndilo lililoyafanya matumbawe ya pwani yetu kuwa meupe mwaka 1998, mengi yakafa. Sebuleni kwako huhitaji El Niño. Taa ya dukani inatosha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Nilikuwa na Sarcophyton, lile tumbawe lenye umbo la uyoga mnene, na taa ya LED yenye rangi ya samawati kwa wingi. Tangi lilionekana la kiza. Nikachukua rununu, nikaweka programu ya kupima lux, ikanipa tarakimu ndogo. Basi nikapandisha samawati mpaka mwisho, nikaridhika kwamba nimefuata sayansi.

Sikuwa nimeifuata. Lux ni kipimo cha jicho la binadamu. Jicho letu linaona vizuri zaidi kijani, karibu na nanomita 555. Kwenye samawati ya nanomita 450 uwezo wake ni takriban asilimia 4 ya huo, yaani mwanga wa nguvu ileile unauona kama sehemu moja kati ya ishirini na tano. Kihisi cha rununu kimetengenezwa kumwiga binadamu, kwa hiyo kilinidanganya vilevile macho yalivyonidanganya. Vimwani nao wanaipenda sana hiyo samawati, maana ndiyo inayofika mbali majini wakati nyekundu imeshamezwa na maji ya juu. Kwangu ilikuwa giza. Kwao ilikuwa saa sita mchana.

Kipimo kinachofaa ni PAR: idadi ya chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, ikihesabiwa kwa maikromoli. Kifaa chake ni ghali, kwa hiyo tulichanga wanne tukanunua kimoja, kinazunguka. Nilipokitumbukiza kwenye tangi nikakuta ule uyoga wangu, uliokuwa juu ya mwamba moja kwa moja chini ya lenzi, unapata zaidi ya 300. Siku hizi Sarcophyton na Sinularia nawapa kati ya 80 na 150, Discosoma 50 hadi 75, na hawajawahi kunilalamikia.

Kuna jamaa hunijibu hapa: mbona jua la Watamu ni kali kuliko taa yoyote? Kweli, jua la mchana kwenye tropiki hufika karibu 2000 juu ya maji. Lakini hupita na kushuka, mawingu huja, maji hupunguza, na tumbawe lililoko pale limekua palepale tangu likiwa kiluwiluwi. Lako limetoka ndani ya boksi lenye giza, na kabla ya hapo huenda liliishi miezi chini ya taa hafifu ya mtu mwingine.

Kosa la pili ni la kazi yangu mwenyewe, nalo linaniuma zaidi. Taa naiendesha kwa kidude nilichokiandikia programu. Nilisafiri wiki mbili, nikamwachia mdogo wangu tangi. Stima ikapotea, mipangilio ikafutika, nikamwambia kwa simu aweke saa ya kuwaka iwe saa tatu. Akaandika 3. Wewe ungeandika nini? Saa tatu asubuhi ni saa tatu. Programu yangu ilikuwa inasoma saa za kizungu, ikawasha taa saa tisa za usiku na kuizima saa moja jioni kama kawaida. Saa kumi na sita za mwanga badala ya kumi. Askari wa getini ndiye aliyeniuliza niliporudi: "Mkubwa, kwako nani anatazama video usiku?"

Piga hesabu. PAR 150 kwa saa 10 ni moli 5.4 kwa siku. PAR ileile kwa saa 16 ni 8.64. Vimwani hawahesabu ukali tu, wanahesabu jumla ya siku pia. Xenia yangu yote ilinyauka ikayeyuka. Sikumlaumu kijana. Programu inayokubali tarakimu yoyote bila kuhoji, tena katika nchi ambayo watu huhesabu saa kwa njia mbili, aliyeikosea ni mwandishi wake.

Sasa, mahali pa kuweka. Hapa watu huwaza kimo tu: juu mwanga mwingi, chini mchache. Mimi naanza na mkondo wa maji, kisha majirani, halafu mwanga, kwa sababu mwanga naweza kuupunguza kwa kidole. Sarcophyton hujifunga kwa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, ikivua utando kama nta. Inahitaji maji yanayopita kuuondoa. Mwenye haraka akiona imejifunga huihamisha, kesho yake huihamisha tena, na kila mara anaanza upya mwanzo wa kuzoea. Iache! Hujarekebisha hitilafu kwa kubadilisha mistari kumi kwa pamoja, sivyo?

Majirani ni muhimu kwa sababu hawa laini hupigana kwa kemikali wanazozimwaga majini. Acha nafasi, na weka mkaa maalum kwenye chujio. Xenia iweke kwenye mwamba wake peke yake, la sivyo itatambaa juu ya kila kitu. (Ule mkono wake unaofumba na kufumbua si mapambo: utafiti wa mwaka 2013 kwenye Heteroxenia wa Bahari ya Shamu ulionyesha kwamba husukuma maji na kuondoa oksijeni iliyozidi, usanisinuru ukaongezeka.) Zoanthus na Palythoa usizishike bila glavu, wala usichemshe mwamba wake, baadhi yake zina palitoksini, sumu kali kweli.

Stima ikipotea, betri ipe pampu, si taa. Tumbawe hukaa gizani siku kadhaa bila shida kubwa. Bila maji kutembea, oksijeni huisha mapema.

Tumbawe jipya naliweka chini, taa ikiwa asilimia 30, na kuongeza kidogo kila wiki. Likigeuka kahawia na kujinyoosha kuelekea juu, linataka zaidi. Likipauka na kujikunyata, punguza, hata kama macho yanakwambia ni giza.

Ule uyoga ulipona. Nilishusha samawati, nikauhamishia kando ya tangi mara moja tu, na baada ya wiki tisa vidole vyake vikatoka tena. Xenia sijaipata nyingine. Programu sasa inauliza asubuhi au usiku, na inakataa kuwasha taa zaidi ya saa kumi hata nikiiomba mimi.