Kilichomo Darini

Juma hili tutazame juu kidogo, juu ya mafiga.

Kila aliyelelewa Hasamba au vijiji vingine vya Mbozi aijua dari ya jikoni: miti iliyopangwa juu ya moto, na mahindi ya mbegu yamelazwa pale yakipigwa moshi ili fukusi wasiyatoboe. Chini yake twapika, twala, twasema habari zote za nyumbani. Juu kuna giza, masizi, na panya wanaokimbizana usiku kucha. Apandaye ni mama, au kijana aliyetumwa. Mtoto akipanda bila ruhusa, mwajua yampatayo!

Basi, watunga hadithi wa Ulaya wapenda mno mahali kama hapo. Nyumba zao kubwa zina vyumba chini ya paa, ambamo hutupwa masanduku na viti vilivyovunjika. Hadithi ikitaja nyayo za mtu huko juu, msomaji husogeza taa karibu.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Jane Eyre, kitabu cha Mwingereza Charlotte Brontë kilichotoka mwaka 1847. Jane ni yatima, amwajiriwa kumfundisha mtoto katika nyumba ya tajiri mmoja, Bwana Rochester. Asikia kicheko cha ajabu kutoka ghorofa ya juu. Akiuliza, aambiwa ni mtumishi tu, mwanamke mshonaji. Usiku mmoja kitanda cha bwana chashika moto. Usiku mwingine mgeni achomwa kisu na kuumwa kwa meno. Jibu ni lile lile: mtumishi. Mwishowe bwana amposa Jane. Siku ya arusi, kanisani, padre wa Kiingereza auliza kama kuna kizuizi cho chote. Ninyi mliozoea kusikia matangazo ya ndoa mwajua kwamba swali hilo hupita kimya, watu wakikohoa. Siku ile mtu asimama asema: kipo. Bwana arusi ana mke, naye yu hai! Wote watoka kanisani, wapanda ngazi, wamkuta mke huyo huko juu, mwenye wazimu, amefungiwa miaka mingi.

Mimi humwonea mke yule huruma kuliko mwandishi alivyomwonea. Habari zake zote twazipata kwa vinywa vya wengine, hasa kwa mume aliyemfungia. Mwaka 1966 Jean Rhys, mwandishi mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alitoa kitabu kizima cha kumrudishia mke huyo maisha yake ya ujana. Miaka 119 ilipita kabla ya mtu kumwuliza.

Je, hadithi zetu? Za pwani zapenda mlango uliofungwa kuliko dari. Katika ngano za Unguja alizozichapa Edward Steere mwaka 1870 yumo mwana wa sultani aliyeachiwa funguo na jini mwenye nyumba. Afungua chumba, akuta dhahabu iliyoyeyuka, atia kidole. Dhahabu yaganda, haitoki hata kwa kusugua. Afunga kitambaa, na jini akirudi aambiwa kijana amejikata. Kila mzazi amesikia uongo wa namna hiyo! Naye Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, ana mgeni anayemfuata mwenyeji wake usiku na kuona siri ya manyani wawili waliofungwa.

Lakini mlango wenye kufuli humwambia mgeni waziwazi kwamba ndani kuna kitu. Dari haisemi neno. Ndiyo maana naiona bora kwa mtungaji. Siri ya msituni ni hofu tu, mtu aweza kupita njia nyingine. Siri ya darini ni ya jamaa: wote wamekula na kulala chini yake.

Nasikitika kwamba dari zenyewe zapungua. Nyumba mpya ni za tofali na bati, nayo dari ni ubao mweupe wa kupendeza macho, usioweza kubeba hata debe moja la mahindi. Kijana wa Hasamba apendaye kuandika afanye upesi.

Hadithi yenyewe haiko mbali. Kuanzia miaka ya 1920 watu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba katika nchi iitwayo sasa Zambia, au walifika hata Johannesburg. Wako waliorudi, wako waliopotelea huko. Tuseme babu mmoja alirudi, akajenga, akazaa, akafa akiheshimiwa. Jamaa wabomoa jiko la zamani ili wapige bati. Mjukuu apanda darini kushusha magunzi, mkono wake wagusa mkebe mweusi kwa masizi. Ndani mna barua iliyoandikwa huko migodini, na picha ya mwanamke na watoto wawili wasiojulikana kijijini. Mmoja ana uso wa babu kabisa.

Atampelekea nani? Baba yake, mrithi wa shamba la kahawa? Au aurudishe mkebe, abomoe kimya kimya? Bibi yu hai, ameketi uani akipepeta maharage. Miaka hamsini amepika chini ya mkebe ule.

Nami nadhani bibi ajua. Ndiye aliyekuwa akipanda kila mwaka kuchukua mbegu.