Nukta za Televisheni Zitajwe kwa Ukweli

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, na matangazo ya televisheni kuhamia katika dijitali, wananchi wengi walilazimika kununua ving'amuzi. Tangu hapo maduka ya mijini yamejaa televisheni bapa zenye maandishi makubwa ya HD, na mfanyakazi aliyejinyima miezi kadhaa huambiwa kwamba herufi hizo mbili zinatosha kumhakikishia picha safi. Hazitoshi.

Ieleweke kwanza kwamba picha ya televisheni ni mkusanyiko wa nukta. Mfumo wa zamani wa PAL ulionyesha mistari 576. Kiwango kamili cha HD kina mistari 1,080 yenye nukta 1,920 kila mmoja, yaani zaidi ya nukta milioni mbili kwa jumla. Kile kinachoitwa 4K kina nukta mara nne ya hizo.

Ujanja hufanyika chini ya viwango hivyo. Mwaka 2005 huko Ulaya ilianzishwa alama ya HD Ready kwa televisheni zenye mistari isiyopungua 720. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa 768, ambazo ni karibu nusu tu ya kiwango kamili. Kutengeneza chombo cha namna hiyo si kosa, na kwa bei yake huenda kikamfaa mnunuzi. Kosa ni pale boksi linapoandikwa "1080" kwa wino wa kung'aa, ilhali maana yake ni kwamba chombo kinaweza kupokea picha ya kiwango hicho na kuipunguza ilingane na kioo chake. Ukweli umefichwa katika maandishi madogo ya kijitabu cha ndani, tena kwa lugha ya kigeni.

Halafu upo mchezo wa dukani. Mteja huonyeshwa filamu ya maua na maporomoko ya maji iliyomo katika flashi, akavutiwa, akalipa. Jioni anaiwasha nyumbani wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili, na nyuso za wasomaji zinaonekana kama zimefunikwa ukungu. Televisheni haina ubovu wowote. Kioo hakiwezi kuonyesha kisicholetwa. Ikiwa kituo kinarusha picha ya kiwango cha kawaida, au king'amuzi hakina uwezo wa HD, au kimeunganishwa kwa nyaya zile tatu za njano, nyekundu na nyeupe badala ya waya wa HDMI, picha ni ile ile ya zamani, ila sasa imetandazwa juu ya kioo kipana na kasoro zake zimekuzwa. Muuzaji analifahamu jambo hili vizuri kabisa.

Hata macho yana mpaka wake. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimeta 40 hivi. Mtu mwenye macho ya kawaida akikaa umbali unaozidi mita mbili hawezi kutofautisha kioo hicho chenye mistari 720 na kingine chenye 1,080. Familia ambayo viti vyake vipo mita tatu kutoka ukutani, ikishawishiwa kuongeza fedha kwa ajili ya mistari hiyo, inalipia kitu isichoweza kukiona. Kwa inchi 55 hesabu ni nyingine, na hapo fedha za ziada zinaweza kuwa na maana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Hapana budi waagizaji watakiwe kuandika nje ya kila boksi, kwa Kiswahili, idadi halisi ya nukta za kioo, si za picha kinachoweza kupokea. Maduka nayo yawe na king'amuzi cha kawaida, ili chombo kijaribiwe kwa matangazo yale yale yatakayoonekana nyumbani. Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi adai nukta hizo ziandikwe kwenye risiti kabla fedha hazijatoka mfukoni, na muuzaji asiyekubali kuziandika aachwe na televisheni yake.